Mama Wawili, Kijiti Kimoja

"Achia, mama! Achia!"

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na hapo hapo turudi. Kituo cha tatu cha mbio, kando ya pampu za mafuta. Kijiti ni kimoja, mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa Tanuri, mwoka mikate, aliyefika akitiririka jasho kama bomba lililopasuka. Mkono wa pili ni wa Mpima Macho, mke mpya wa mtalaka wake.

Na mkono wa kwanza hauachii.

"Dada, niachie nikimbie," Mpima Macho alisema.

Tanuri alimtazama usoni bila kupepesa. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kama vinapokanda unga mgumu.

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, nikupe mawili matatu haraka, kabla mwamuzi hajapandisha bendera.

Klabu ya Konokono ni klabu ya majirani wanaokimbia kwa kupenda tu, si kwa kulipwa. Tanuri na Seremala waliianzisha walipokuwa mume na mke. Walipoachana waligawana vyombo, wakagawana viti, wakagawana hata mapazia. Klabu haikugawanyika. Kila mmoja aliapa kwamba haondoki.

Kisha akaja Mpima Macho, msichana wa duka la miwani. Na aliyemleta klabuni ni nani? Ni Tanuri mwenyewe! Alikwenda kupimwa macho, wakapatana, akamwambia, "Njoo ukimbie nasi, mdogo wangu, utapunguza mawazo."

Akayapunguza kweli. Mwaka haukuisha, akaolewa na Seremala.

Sasa usidhani Tanuri alililia mume. Mume alikwisha kutoka moyoni kitambo, na kwa hiari yake. Kilichomla roho ni mtoto.

Mtoto huyo ni binti wa miaka kumi na saba, wa pekee, na jina analoitwa na kila mtu ni Chiriku, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi. Siku za shule hulala kwa mama, mwisho wa wiki kwa baba. Mwanzoni alimwita yule mke mpya "Anti". Tanuri akavumilia. Baadaye ikawa "mama mdogo".

"Mama mdogo!" Tanuri alifoka peke yake bekari siku hiyo, akikanda unga mpaka meza ikalia. "Mdogo wa nani? Mimi nilizaliwa peke yangu!"

Lakini la Jumamosi iliyopita ndilo lililomchoma. Alikuwa nje ya chumba cha klabu, anafunga viatu. Akasikia sauti ya Chiriku dirishani: "Mama!"

"Abee, mwanangu!" aliitika, akainuka na tabasamu lake lote.

Binti hakuwa amemwita yeye. Alikuwa amempa mgongo, mikono yake imo kichwani mwa Mpima Macho, anamsuka.

Tanuri aliondoka. Kiatu kimoja hakikuwa kimefungwa.

Ndiyo maana mbio za leo zilikuwa na uzito. Ni mbio za kupokezana vijiti, klabu kwa klabu, za kuchangia watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Na Chiriku mwenyewe alizaliwa njiti. Tanuri alimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka binti akapata uzito wa kuvaa nguo. Kwa hiyo alikuwa na ndoto moja tu mwaka huu: yeye akimbie kipande cha kabla ya mwisho, na kijiti amkabidhi mwanawe kwa mkono wake, watu wote wakiona.

Asubuhi, kabla ya kuanza, Seremala ambaye ndiye nahodha akatangaza mabadiliko. Tanuri arudi kipande kimoja nyuma. Mpima Macho afuate. Kijiti cha mwisho Chiriku atakipokea kwa Mpima Macho.

Tanuri alikubali kwa kichwa. Mkono, kama unavyoona, ulikuwa na maoni yake.

"Mama, bendera hii ikipanda mmetolewa!" mwamuzi alifoka. "Wote! Klabu nzima!"

Nyuma yao viatu vililia kwenye lami. Mkimbiaji wa Klabu ya Mshale alifika, akampa mwenzake kijiti kwa ulaini kama mtu anayempa jirani chumvi, na yule mwenzake akaondoka. Konokono waliokuwa mbele sasa wakawa nyuma.

Tanuri akasogeza mdomo karibu na sikio la Mpima Macho.

"Kijiti chukua," alisema polepole. "Mtoto humchukui."

Akaachia ghafla. Mpima Macho alipepesuka hatua mbili, nusura aangukie pampu, kisha akajiweka sawa na kuchomoka.

Alijibu kitu wakati anageuka. Tanuri hakukisikia.

*

Pikapu ya Seremala, ile anayobebea mbao, ilikuwa inangoja na injini inanguruma. Tanuri alipanda mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

"Mlango huo ni wa kufungwa polepole, Mama Chiriku," Seremala alisema.

"Mlango huu nimeufunga tangu hujajua kuendesha."

Wakaondoka. Barabara ilipanda kilima. Juu kidogo wakamwona Mpima Macho anavyokimbia, mgongo umenyooka, mikono inakwenda kama ya saa. Alikuwa anamkaribia mkimbiaji wa Mshale.

Tanuri alimtazama kwa pembe ya jicho. Hata jasho la mwanamke yule lilionekana limepigwa pasi!

Na kichwa chake. Mistari minne ya kwenda nyuma, imenyooka, imekutana kisogoni. Tanuri aliijua mistari ile. Ndiyo Chiriku aliyokuwa akimsuka yeye kila Jumamosi, wamekaa kwenye ngazi ya nyuma ya bekari, binti anapiga domo na mama anasinzia. Sasa Jumamosi zilikuwa za upande wa pili. Kichwa cha Tanuri kilikuwa ndani ya kitambaa kwa mwezi mzima, na aliyejua kilivyo humo ndani ni yeye na kioo chake.

"Umebadilisha mpangilio ili umfurahishe mkeo," alisema.

"Si mimi niliyebadilisha."

"Basi ni yeye."

"Si yeye."

"Ni nani? Ni pikapu?"

Seremala alibadilisha gia, ingawa gari halikuhitaji gia nyingine. Tanuri alimjua mtu huyo. Alipokuwa na neno zito alipenda kushikashika vitu.

"Baba Chiriku, nakuuliza."

"Ni Chiriku," alisema. "Alikuja karakana, akaniomba. Alisema asipokee kijiti kwako. Kwa mtu yeyote, lakini si kwako."

Pikapu iliendelea kupanda.

"Muongo," Tanuri alisema mwishowe.

"Kamuulize."

"Nasema wewe ni muongo! Mwanangu hawezi kusema hivyo. Mwanangu nilimbeba hapa!" Alijipiga kifuani. "Huyo wako alimbeba wapi? Alimpima macho!"

Seremala alishikashika gia tena. Hapo Tanuri akajua ni kweli.

Alitazama nje kupitia dirisha ili mtalaka wake asione uso wake. Huko nje, mwanamke wa mistari minne alikuwa amempita mkimbiaji wa Mshale.

Watu kando ya njia walishangilia. Tanuri, mwanachama mwanzilishi wa Konokono, alitamani mwanamke yule aanguke.

Alitamani hivyo, ndugu msomaji. Sikufichi.

*

Kileleni barabara inaachana na mbio. Wakimbiaji huingia shamba la mikaratusi, hushuka kwa kijia chenye mizizi na mawe, na kutokea upande wa pili. Gari haliwezi kupita. Seremala alizunguka kwa barabara kubwa, akaegesha pale kijia kinapotokea. Mwamuzi mwingine alikuwa amesimama hapo na kofia ya majani.

Mkimbiaji wa Mshale alitokea wa kwanza.

Wakangoja.

Akatokea wa klabu ya walinzi. Akatokea wa klabu ya mafundi magari, anachechemea na kucheka.

Mpima Macho hakutokea.

"Samahani!" Seremala alimwita yule fundi magari. "Hukumwona dada wa Konokono?"

"Yuko bondeni kule, ameanguka! Mguu! Nilitaka kumbeba akanifukuza, akasema nikimbie!"

Seremala alifungua mlango. Mwamuzi akamnyooshea mkono.

"Nahodha, wewe hukuandikishwa kukimbia. Unaweza kwenda kumbeba, lakini kijiti hukigusi. Mkimbiaji akiumia, klabu inaruhusiwa kumrudisha mmoja wa waliokwisha kukimbia. Mara moja tu. Mnaye?"

Seremala alimtazama Tanuri.

Miguu ya Tanuri ilikuwa mizito kama magunia ya ngano. Ila moyo uliruka. Fikiria! Kile alichonyang'anywa asubuhi kinarudishwa mkononi mwake, na aliyekirudisha si mtu. Ni mzizi wa mti.

"Tunaye," alisema, akaingia msituni.

*

Alimkuta ameketi kwenye mtaro, mguu mmoja umenyooshwa. Kifundo kilikuwa kimevimba mpaka soksi imebana. Kijiti kilikuwa kwenye majani, mbali kidogo na mkono wake.

Mpima Macho alikuwa analia. Alipomwona Tanuri alijifuta haraka kwa kiganja, akajipaka udongo shavuni.

"Kumbe wewe," alisema. "Haya. Chukua, uende. Si ndicho ulichotaka?"

Tanuri aliinama akakiokota kijiti. Aligeuka kuondoka. Hatua ya kwanza, ya pili.

"Angalau atafurahi," sauti ikasema nyuma yake. "Akikuona wewe atafurahi. Mimi nifanye nini? Hata nikimpikia anachokipenda, anasema kitamu, halafu anasema Mama hutia iliki. Nikimnunulia viatu, anauliza kama Mama ameviona. Dada, nyumba ile ina wewe kila pembe! Nakuonea wivu mpaka nakosa usingizi."

Tanuri alisimama.

"Unanionea wivu mimi?"

"Nimuonee nani?"

"Wewe? Unayekuwa naye kila Jumamosi? Unayesukwa?" Sauti ya Tanuri ilipanda mpaka ndege wakaruka mitini. "Nilimsikia! Jumamosi, dirishani. Alikuita Mama!"

Mpima Macho alicheka kicheko kifupi chenye machozi ndani.

"Ungebaki kidogo, dada. Lilimtoka kwa bahati mbaya. Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe. Akaniomba radhi. Mimi! Aliniomba radhi kwa kuniita Mama!" Alishika mguu wake, akakunja uso kwa maumivu. "Na huko kusuka, nikwambie? Kila Jumamosi ananikemea. Tulia! Kichwa cha Mama hutulia, chako kinacheza-cheza. Nakaa pale nasikilizishwa habari za kichwa chako mpaka shingo inaniuma."

Tanuri hakujua aweke wapi macho. Wivu wake alikuwa ameulea kwa miezi, akaunenepesha, na sasa anaambiwa kwamba mwenzake naye anao, wa rangi ile ile.

Bado ulikuwepo, usidanganyike. Haukufa. Ulihama tu kutoka kooni ukakaa mahali pengine, akaweza kupumua.

"Weka mguu hapa," alisema, akapiga goti.

"Dada, utachelewa."

"Weka mguu!"

Alivua kitambaa kichwani. Nywele zake zikatoka zilivyo: mwezi mzima bila kitana, upande mmoja zimelala, upande mwingine zimesimama, unga wa bekari umo. Mpima Macho alizitazama, akafungua mdomo.

"Ukisema neno nakuacha hapa," Tanuri alisema.

Akamfunga kifundo, akakaza, akazungusha, kama anavyofunga kamba ya gunia. Vishindo vya Seremala vilianza kusikika juu ya kijia.

"Mumeo huyo anakuja," Tanuri alisema, akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza neno "mumeo" kumtoka bila kumkwaruza.

Akakimbia.

*

Kituo cha mwisho kilikuwa mbele ya duka la matairi, juu ya barabara inayoteremka moja kwa moja hadi uwanjani. Watu walijaa pande zote. Walipomwona mwanamke mnene kiasi, kichwa wazi, nywele zimesimama kama zimeshtuka, anapumua kwa mluzi, walianza kucheka. Kisha wakaona namba ya Konokono kifuani, wakaanza kushangilia.

Tanuri hakuwaona. Alimwona Chiriku.

Binti alikuwa anarukaruka mstarini, mrefu, mwembamba, mkono umekwisha kunyooshwa nyuma. Akageuza shingo kuangalia nani anakuja.

Tanuri alikuwa ameuwazia uso ule wiki nzima. Aliuwazia unafurahi.

Ulijaa hofu.

"Mama mdogo yuko wapi?"

Hilo ndilo neno la kwanza. Si shikamoo, si pole, si Mama umefikaje. Tanuri alilimeza kama mtu anavyomeza kidonge kikubwa bila maji.

"Mguu umeteguka. Yuko salama, baba yako anambeba. Shika!"

Chiriku alishika kijiti. Lakini hakukimbia.

"Na wewe? Mbona unapumua hivyo? Umekimbia mara mbili?"

"Kimbia, mwanangu!"

"Kaa chini kwanza. Mama, kaa! Kuna mtu ana maji? Jamani, maji!"

"Chiriku! Watu wanakupita!"

"Ndiyo maana niliomba usiwe wewe!" Binti alipasuka, na machozi yakamlengalenga. "Sikumaanisha vibaya. Nikikuacha umesimama barabarani peke yako, mimi siwezi kukimbia. Nageuka. Mazoezini nageuka, nashindwa kila mara, hukuona? Kila siku unaniambia huna mtu mwingine, una mimi tu. Sasa nikuacheje?"

Tanuri alirudi nyuma hatua moja.

Ni kweli aliyasema. Aliyasema jioni wakila. Aliyasema akimfunika blanketi. Aliyasema hasa siku za Ijumaa, binti akifunga begi la kwenda kwa baba yake, na aliyasema kwa sauti ile ya chini inayoshika mtu kwenye shati. Alidhani anampa mwanawe upendo. Kumbe alikuwa anamfunga jiwe mguuni.

Mkimbiaji wa Mshale wa kipande cha mwisho, ambaye mwenzake alifika akitembea kwa kuishiwa pumzi, alikuwa tayari amemaliza robo ya mteremko.

"Sawa," Tanuri alisema. "Basi tazama."

Akageuka. Alimpa mwanawe mgongo, akasimama uso umeelekea ukuta wa duka la matairi.

"Unafanya nini?"

"Mimi sikutazami. Na wewe usinitazame. Nina miguu, nina kazi, nina klabu, na hapa nimezungukwa na watu mpaka wananikanyaga. Nenda."

"Mama..."

"Nenda!"

Viatu vikapiga lami, taratibu, kisha haraka, kisha haraka mno, kisha vikazama ndani ya kelele za watu.

Tanuri hakugeuka. Mbio alizozisubiri mwaka mzima zilikuwa zinakimbiwa nyuma ya kisogo chake, na yeye anasoma maandishi ya ukutani: tunaziba pancha, tunauza mapya na yaliyotumika. Aliyasoma tena.

"Anamkaribia!" mtu alipiga kelele. "Yule mrefu anamkaribia!"

"Hajageuka nyuma?" Tanuri aliuliza ukuta.

"Nani?" aliuliza mama mmoja aliyebeba mtoto karibu yake.

"Huyo mrefu. Anageuka nyuma?"

"Ageuke nyuma afanye nini? Anakwenda kama anadaiwa!"

Hapo Tanuri alilia, akiutazama ukuta. Kama ni furaha au uchungu wa kuona mwanawe anaweza kuondoka, hata yeye asingekuambia.

Kelele zikapanda, zikapanda, zikafika mahali zikakatika kama uzi.

"Amekosa!" alisema yule mama. "Kwa kifua tu! Mshale wameshinda kwa kifua! Wangekuwa na pumzi moja zaidi!"

Tanuri alifumba macho. Pumzi ile alijua iliachwa wapi. Iliachwa kando ya pampu za mafuta, kwenye mkono usiotaka kuachia.

*

Pikapu ilimfikia dakika hiyo hiyo. Mpima Macho alikuwa mbele, mguu umefungwa kitambaa cha Tanuri chenye maua mekundu. Alimwona, akajisogeza mpaka bega likagusa Seremala, akapiga kiti kwa kiganja.

"Panda, dada."

Tanuri alisita. Kisha akapanda. Wakabanana watatu, paja kwa paja, kama abiria waliokosa gari lingine.

"Tumekosa kwa kifua," Tanuri alisema. "Ni mimi. Ni ule mkono wangu kule pampuni."

"Na mimi nilikuwa nawaza mnazungumza nini, badala ya kuangalia mizizi," Mpima Macho alijibu. "Nilijua uko kwenye gari, pembeni ya mume wangu. Unadhani nilianguka kwa nini?"

Tanuri alimgeukia. Wakatazamana. Kwanza kicheko kilimponyoka mmoja, kisha mwingine, wakacheka mpaka Mpima Macho akalalamika mguu. Seremala alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na hakucheka hata kidogo.

Ungedhani ametegwa bomu chini ya kiti.

Waliingia uwanjani. Mstari wa mwisho ulikuwa umezungukwa na watu, na katikati yao wakamwona Chiriku. Hakuwa ameanguka, hakuwa analia kwa kushindwa. Alikuwa amesimama, ana chupa ya maji mkononi, anaongea.

Anaongea! Mikono inarushwa huku na huku, kichwa kinatikisika, mdomo haufungi. Tanuri hakuwa amemwona akiongea hivyo tangu mwaka jana.

"Kwako huongea hivyo siku hizi?" aliuliza.

"Hapana," Mpima Macho alisema. "Nilidhani maneno anayamalizia kwako."

Wote wawili wakasogeza shingo mbele kwa pamoja.

Aliyekuwa akiongeleshwa ni mwanamke mrefu, wa makamo, filimbi shingoni, amevaa koti la Klabu ya Mshale. Alimsikiliza Chiriku huku akitabasamu. Kisha akavua koti lile, akamvika binti mabegani, akalifunga zipu mpaka kidevuni, taratibu, kama mtu anayemjua siku nyingi. Na Chiriku, ambaye nyumbani haguswi hata kola, akatulia tuli.

Mpima Macho alimshika Tanuri mkono.

"Yule ni nani?"

"Nilitaka nikuulize wewe."

"Mimi simjui!"

"Na mimi simjui!"

Wakageuka. Seremala alikuwa amezima injini na anafuta dashibodi kwa kitambaa. Dashibodi ilikuwa safi.

"Baba Chiriku," Tanuri alisema.

"Mume wangu," Mpima Macho alisema.

"Nilikuwa nangoja mbio ziishe," Seremala alisema bila kuwatazama. "Yule ni kocha wa Mshale. Ana chuo chake cha riadha, safari ya siku nzima kutoka hapa. Alikuja karakana kuniomba ruhusa ya kumfundisha, na mimi... Tafadhali msipige kelele, watu wanatazama. Chiriku ataishi nyumbani kwake. Ameshatandikiwa kitanda."

"Kitanda?" walisema wale wanawake wawili, kwa sauti moja, na kila mmoja akatafuta kitasa cha mlango ule ule.